Kabla Hujatia Dǐng Kwenye Hotuba ya Bosi Wako

Wadogo zangu, juzi nimetumiwa rekodi ya mkalimani chipukizi, HSK ya sita (mtihani wa Kichina) mkononi, wino wa cheti haujakauka, akiwaahidi wageni kwa niaba ya bosi wake: wǒmen yídìng dǐnglì xiāngzhù, hakika tutawasaidia kwa nguvu zote. Aliyenitumia alitaka nisifie toni. Toni kweli ni safi. Nikaweka simu mezani, nikanywa maji.

Sentensi hiyo naijua. Kila kundi linalorudi kutoka Beijing, Wuhan au Jinhua linarudi nayo. Mchawi ni zile kadi zenu za chéngyǔ, nahau za Kichina: mbele herufi nne, nyuma "kusaidia kwa nguvu zote", kadi inayofuata. Nyingine zinakaririka hivyo. Hizi zenye 鼎 (dǐng, chungu cha kale cha shaba) hazikaririki, kwa sababu dǐng ni cheo kwanza, chombo baadaye.

Umbo lake sielezi. Mmeshapiga picha na ile kubwa ya Hòumǔwù pale Makumbusho ya Taifa, Beijing, ya miguu minne, iliyofukuliwa Anyang mwaka 1939, kilo 832.84. Ninachotaka mshike ni hesabu yake. Kwa taratibu za ufalme wa kale wa Zhou zinavyosimuliwa vitabuni, Mwana wa Mbingu, yaani mfalme mwenyewe, alikuwa na haki ya dǐng tisa, watawala wa majimbo saba, maofisa wakubwa tano, wadogo tatu. Ukihesabu vyungu, umeshajua umekaa na nani. Nahau zilizotoka humo bado zinahesabu: nani yuko juu, nani chini, nani kakaribishwa, nani kajikaribisha. Haya, tuanze.

1. Dǐnglì (鼎力) ni ya mwenzako, haiwi yako.

Unaiomba kwa mtu, au unamshukuru nayo: msaada wako ulikuwa mzito kama dǐng. Ukiisema kwa msaada unaoutoa wewe, umejivika taji mwenyewe. Wachina wenyewe hukosea, na mitihani yao ya shule huwatega hapo hapo, kwa hiyo msione aibu sana. Aibu ya kweli niachieni mimi.

Nilikuwa mgeni kazini. Ujumbe wetu ulikuwa umealikwa chakula cha jioni, meza ya duara, mwenyeji mkuu ameketi akiutazama mlango. Mzee wa watu, mpole, wa kizazi kile kinachoandika salamu za mwaka mpya kwa brashi. Bosi wangu akasimama na glasi. Bosi wangu ni mtu wa pwani, adabu imemjaa hadi kwenye vidole, akasema maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka: "Ndugu zetu, mmetubeba sana. Nasi kwa uwezo wetu mdogo, mkituhitaji, tupo."

Angalieni sentensi hiyo ilivyo nzuri. Wao wamepandishwa, sisi tumejishusha. Kichina kina maneno yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo: dǐnglì kwa upande wao, miánbó zhī lì (绵薄之力), yaani nguvu nyepesi kama nyuzi za hariri, kwa upande wetu. Nilikuwa nayo yote mawili. Nilikuwa nimeyakariri wiki ileile, kadi mbili zinazofuatana. Nikayatoa yote mawili, kwa sauti ya kujiamini, na nikayabadilisha viti. Nikawashukuru wenyeji kwa msaada wao mwepesi kama nyuzi za hariri, kisha nikawaahidi wetu, mzito kama dǐng.

Meza ikanyamaza kidogo. Halafu yule mzee akacheka, cheko la babu aliyeona mjukuu kavaa viatu vyake, akainua glasi, wote wakainua. Bosi akaniinamia: "Wamecheka nini?" Nikamjibu: "Wamefurahi, mzee." Ndiyo, niliamini.

Ingeishia hapo ningeisahau. Lakini kwenye mzunguko wa pili bosi akaninong'oneza: "Ile sentensi iliyowafurahisha, rudia." Nikairudia. Safari hii nikaongeza na mkono kifuani.

Mkalimani wa upande wao, mama wa makamo, hakunisahihisha mezani, Mungu amlipe. Alinisubiri kwenye korido, akafungua daftari lake dogo la mistari. Alikuwa ameandika 鼎力 na mbele yake mshale unaopanda, chini yake 绵薄 na mshale unaoshuka. Akagonga mshale wa kwanza kwa kalamu: "Nǐn." Wewe, kwa heshima. Akagonga wa pili: "Wǒ." Mimi. Akachana ukurasa akanipa, akaenda zake kunawa mikono.

Basi chukueni mshale huo. Kwa kupanda, dǐnglì xiāngzhù. Kwa kushuka, jìn miánbó zhī lì. Ukisahau yote, sema jìnlì, kujitahidi, utaonekana mtu wa kawaida, na mtu wa kawaida hafukuzwi kazi.

Kwa mshale huohuo: dàmíng dǐngdǐng, jina linalovuma, mpe mwenyeji. Yìyán jiǔdǐng, neno moja zito kama dǐng tisa, nayo mpe yeye. Bosi wako akisema "mimi nikiahidi nimeahidi", shuōhuà suànshù, kutimiza ulichosema, inatosha kabisa.

2. Wèndǐng (问鼎): msitafsiri kwa kamusi ya simu.

Mmoja wenu aliandika kwamba timu fulani "imeuliza chungu cha Kombe la Dunia". Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Kwenye michezo wèndǐng ni kuwania ubingwa au kuutwaa, na haina ubaya wowote. Asili yake ndiyo ina sumu. Mwaka 606 KK mfalme Zhuāng wa jimbo la Chǔ alifika na jeshi mpaka karibu na Luòyáng, akapanga askari wake mpakani mwa Zhou. Mfalme wa Zhou akamtuma Wángsūn Mǎn kumlaki. Mgeni, katikati ya maamkizi, akauliza: zile dǐng tisa zina ukubwa gani, zina uzito gani?

Huulizi uzito wa kitu usichofikiria kukibeba. Wángsūn Mǎn alilielewa swali na akajibu jibu ambalo kila mkalimani angepaswa kulibandika ukutani: jambo liko kwenye wema, haliko kwenye dǐng; wema wa Zhou umepungua, lakini amri ya mbingu haijabadilika; uzito wa dǐng bado hauulizwi. Zhuāng akarudi kwao. Hakuna tusi hata moja humo ndani, na jeshi limeondoka.

Kwa hiyo bosi wako akimtakia mwenyeji apande cheo pale kampuni, usimtilie wèndǐng, hasa kama mwenye kiti chenyewe amekaa mezani.

(Msije mkaniuliza dǐng tisa zenyewe ziko wapi. Zilipotea. Mwaka 219 KK Mfalme wa Kwanza wa Qín aliwapigisha mbizi watu elfu moja mtoni Sì kuitafuta dǐng ya Zhou, wakatoka mikono mitupu.)

3. Rǎnzhǐ (染指) na kidole cha kasa.

Hii haina herufi ya 鼎 ndani yake, ndiyo maana inawapita. Mwaka 605 KK, jimbo la Zhèng, mtawala Líng aliletewa kasa mkubwa kutoka Chǔ. Mwanamfalme Sòng alikuwa akiingia ikulu, kidole chake cha shahada kikamcheza. Akamwonyesha mwenzake: kidole hiki kikicheza, lazima nile kitu kitamu. Ndiyo mwanzo wa shízhǐ dàdòng, kutamani chakula, ambayo mnaitumia mkiona picha za nyama choma, sawa, endeleeni.

Wakaingia, wakamkuta mpishi anamkata kasa, wakatazamana wakacheka. Líng akauliza, akaelezwa. Sasa tazameni roho mbaya: siku ya kugawa nyama akamwita Sòng mezani pamoja na wengine, kisha akamnyima. Wote wanakula, yeye anatazama. Sòng akapandwa na hasira, akachovya kidole ndani ya dǐng, akakilamba, akatoka. Líng akataka kumuua. Sòng akawahi, yeye na mwenzake yule. Mtawala mzima akafa kwa ajili ya mchuzi.

Rǎnzhǐ basi ni kuchovya kwenye chungu ambacho hukupakuliwa. Kwenye taarifa za serikali utaisikia mara nyingi ikikatazwa: nchi za nje zisichovye hapa. Sasa kijana wangu mmoja, bosi kasema kwa uzuri tu, "nasi tunatamani kuonja soko hili", yeye akaona kuonja, akakumbuka kidole, akatia rǎnzhǐ. Mteja akaanza kukusanya karatasi zake. Sema jìnrù, kuingia, au shèzú, kukanyaga mguu. Vidole acheni mfukoni.

4. Sānzú dǐnglì (三足鼎立) si mafiga matatu.

Najua inavutia. Miguu mitatu, mafiga matatu, mkalimani anajiona kapata. Lakini kwetu wanasiasa wakisema mafiga matatu wanaomba rais, mbunge na diwani wa chama kimoja, wabebe sufuria moja. Sānzú dǐnglì ni Wèi, Shǔ na Wú, zile falme tatu za kale zilizogombania China: watatu wenye nguvu zinazokaribiana, kila mmoja akingoja wenzake wateleze. Kampuni tatu za simu zinazogombania wateja, ndiyo. Wizara tatu zilizosaini mradi wa pamoja, hapana, utawagombanisha bure. Na lì hii ni 立, kusimama. Ile ya nambari moja ni 力, nguvu. Toni moja, pinyin (tahajia ya Kilatini) moja. Kwenye nukuu zenu za haraka andikeni herufi.

5. Ndogondogo.

Rénshēng dǐngfèi ni kelele za watu tu, jenereta haimo. Gégù dǐngxīn, kuondoa ya kale na kuleta mapya, hotuba za mageuzi zinaipenda, iwe tayari mdomoni. Dǐngshèng ni kilele, lakini ukimwambia mwenyeji kampuni yake ilikuwa dǐngshèng mwaka jana, umemwambia inashuka. Zhōngmíng dǐngshí, kula kwa kengele na dǐng, ni maisha ya ukoo wa kitajiri. Msimsifie nayo ofisa wa umma mbele ya watu.

Na mnaokimbilia ukalimani sambamba, wa kutafsiri huku msemaji akiendelea, miezi michache baada ya kuhitimu, kwa kuwa malipo ni mazuri: Wǔ, mfalme wa Qín, kijana mwenye misuli, mwaka 307 KK alishindana kunyanyua dǐng. Mguu ukavunjika, akafa. Nahau ipo, jǔdǐng juébìn. Fanyeni ukalimani fuatizi kwanza, ule wa kungoja msemaji anyamaze.

6. Mkiajiriwa na watu wa Xiamen au Chaozhou, punguzeni haya yote.

Huko kusini, kwa lugha yao ya nyumbani, 鼎 ndiyo karai la kukaangia, lile jeusi la kila siku. Mama mwenye nyumba akikutuma ukalete dǐng jikoni hana habari na Mwana wa Mbingu, anataka kukaanga mayai, na ukianza kumweleza Zhou atakufukuza na mwiko. Fuzhou wana kifungua kinywa kinachoitwa dǐngbiānhú: uji wa mchele uliosagwa unamiminwa kuzunguka ukingo wa karai la moto, ukishika unakwanguliwa uangukie ndani ya supu ya vitu vya baharini. Agizeni asubuhi mapema. Saa nne kimeshakwisha.