Wamisionari wa Kimormoni hawalipwi mshahara
Watu huuliza kama wamisionari wa Kimormoni, yaani wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hulipwa. Hapana, wale vijana wenye shati jeupe na kibao cha jina kifuani hawalipwi. Wanajitolea, wavulana miezi 24, wasichana 18, na gharama huchangwa na wao wenyewe, familia na waumini wenzao. Kila mwezi hupewa posho ya chakula na nauli, nadhani hiyo ndiyo watu huiita mshahara.

Kaka yangu alihudumu: kuamka saa 12:30 asubuhi, kutembea wawiliwawili kutwa, milango kufungwa usoni, uchumba marufuku. Kilichomuumiza zaidi ni upweke. Enzi zake kupiga simu nyumbani ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama tu. Tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kila wiki, siku yao ya maandalizi kama kufua nguo.