Setilaiti na Ukame wa Mito

Swali: Nimesikia kwamba setilaiti hupima ukame kwa kutumia nguvu ya mvutano wa dunia. Je, zinaweza kutuonya wakazi wa Dar es Salaam kabla Mto Ruvu haujapungua na mgawo wa maji kuanza? Msomaji, Tabata.

Jibu: Hupima kweli, ila kwa Ruvu usizitegemee sana. Setilaiti mbili za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002 na Marekani na Ujerumani, zilifanya kazi hadi mwaka 2017; mbili zilizozirithi mwaka 2018 hufuatana angani kama zilivyofanya zile, zikiachana takribani kilomita 220; ya mbele inapokaribia eneo lenye maji mengi huvutwa zaidi, na badiliko la umbali kati yao, hata likiwa dogo kuliko unene wa unywele, hupimwa. Kila mwezi wataalamu hukokotoa uzito wa maji yote, yakiwemo ya udongoni na ya chini ya ardhi ambayo hakuna kamera iwezayo kuyaona, kisha huulinganisha na wastani wa mwezi huohuo katika miaka iliyopita. Upungufu ukidumu miezi kadhaa, huo ni ukame. Hata hivyo, picha inayopatikana ni ya maeneo yenye upana wa takribani kilomita 300, hivyo mabonde ya Kongo na Naili huonekana vizuri, ilhali la Ruvu humezwa na majirani zake. Kwa Ruvu, vipimo vya kina vilivyosimikwa mtoni bado vinafaa zaidi.