Maswali ya Wasomaji: Enyimba ilivyotwaa Afrika mara mbili mfululizo

SWALI: Ndugu Mhariri, kila inapotajwa habari ya Simba kumng'oa bingwa mtetezi Zamalek ya Misri katika Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2003, wakubwa wetu hutukumbusha kwamba kundi ambalo Simba iliingia baada ya hapo lilikuwa pia na Enyimba ya Nigeria, ambayo hatimaye ilichukua kombe. Naomba utueleze Enyimba ilitoka wapi, na ilifanikiwaje pale ambapo klabu kongwe za nchi hiyo zilikwama.

JIBU: Ndugu msomaji, Enyimba ni klabu ya Aba, mji wa mafundi viatu na wafanyabiashara katika Jimbo la Abia, kusini mashariki mwa Nigeria. Ilianzishwa mwaka 1976, lakini kwa robo karne haikuwahi kutwaa ubingwa wa ligi. Wakati huo majina makubwa yalikuwa Rangers ya Enugu, Shooting Stars ya Ibadan na Iwuanyanwu Nationale ya Owerri, na zote tatu zilifika fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ambayo leo ni Ligi ya Mabingwa, zikarudi mikono mitupu: Rangers mwaka 1975, Iwuanyanwu mwaka 1988, na Shooting Stars mara mbili, mwaka 1984 na 1996, mara zote mbili dhidi ya Zamalek.

Mabadiliko yalianza mwaka 1999, Orji Uzor Kalu alipokuwa gavana wa Abia na Felix Anyansi Agwu akakabidhiwa uenyekiti wa klabu, ambayo ni mali ya serikali ya jimbo. Fedha zilikuja, lakini kwa maoni yangu jambo kubwa zaidi lilikuwa utulivu wa uongozi, kwa sababu Anyansi alikaa katika kiti hicho takribani miaka ishirini, katika soka ambalo viongozi huondolewa kila upepo wa siasa unapogeuka. Ubingwa wa kwanza wa ligi ulipatikana mwaka 2001, ukafuatiwa na wa 2002 na 2003. Kipa wao kijana, Vincent Enyeama, aliitwa Kombe la Dunia la 2002, akadaka mechi ya Uingereza kule Osaka bila kuruhusu bao.

Katika safari ya 2003, chini ya kocha Kadiri Ikhana, Enyimba ilifungwa 6-1 na Ismaily ya Misri katika hatua ya makundi, kipigo ambacho kingeivunja moyo timu nyingi. Wawili hao walikutana tena fainali. Enyimba ilishinda 2-0 Aba, ikapoteza 1-0 Ismailia, na kwa jumla ya mabao 2-1 ikawa klabu ya kwanza ya Nigeria kutwaa kombe hilo.

Mwaka uliofuata kocha alikuwa Okey Emordi. Baada ya kufungwa 2-1 na Étoile du Sahel nchini Tunisia, Enyimba ilishinda kwa matokeo hayo hayo Abuja, na mshindi akaamuliwa kwa mikwaju ya penalti. Enyeama alitolewa kabla ya mikwaju hiyo, akaingia Dele Aiyenugba, uamuzi wa kijasiri ukizingatia jina alilokwisha kujijengea kipa wa kwanza. Enyimba ilishinda 5-3, ikawa klabu ya kwanza kutetea ubingwa wa Afrika tangu TP Englebert ya Kongo, ambayo leo ni TP Mazembe, ilipofanya hivyo mwaka 1968.

SWALI: Je, baada ya hapo klabu hiyo ilififia?

JIBU: Nyumbani, hapana. Mataji yake ya ligi yamefika tisa, la mwisho likiwa la msimu wa 2022/23 chini ya Finidi George, winga wa zamani wa Ajax, na hakuna klabu nyingine ya Nigeria yenye mengi kuliko hayo. Barani hali ni tofauti: ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2011, ikatolewa na Wydad ya Morocco kwa bao moja, na tangu 2004 haijacheza tena fainali ya mashindano hayo.