Hapa tunapumua wapi?

Wimbo wangu wa kwanza wa sauti nne niliuandika kwa solfa, yaani do-re-mi, kwenye daftari la shule, nikauona umekamilika. Jioni ya mazoezi nikagawa nakala. Tulipofika ukurasa wa pili, mzee mmoja wa besi akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, hapa tunapumua wapi?"

Nikatazama karatasi. Besi nilikuwa nimewapa vipimo tisa mfululizo, mwendo wa taratibu, bila koma wala kituo. Sauti ya kwanza nao nilikuwa nimewapandisha juu nikawaacha hukohuko, mpaka wakawa wanapiga kelele badala ya kuimba. Mzee yule hakunikosoa. Alitaka kujua tu pa kuvuta pumzi, na mimi mtunzi sikuwa na jibu.

Kwa hiyo mdogo wangu unayeanza kutunga na kuongoza, kabla hujampa mtu yeyote karatasi yako, simama uimbe kila sauti mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo ule utakaoutaka kwa wanakwaya. Usiridhike na mlio wa kompyuta. Kompyuta haina mapafu, wala haijatoka kazini saa kumi na moja jioni ikapanda daladala mbili kuja mazoezini. Imba na sauti ya pili pia, ambayo watunzi wengi wachanga huipa nota mbili wimbo mzima. Wakichoshwa watashuka, na wakishuka wataivuta kwaya nzima.

Jambo ninaloliona likiharibu nyimbo nyingi kuliko jingine lolote ni mkazo wa maneno. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache. Chukua "barabara": ukikaza -ba- ya pili ni njia ya magari, ukikaza -ra- ya kwanza ni sawasawa. Muziki wako ukikosea pigo, umebadilisha maana. Tena hatari kubwa haiko kwenye ubeti wa kwanza, kwa sababu huo ndio ulioutungia sauti. Tuseme unaanza na "amani": a- inatangulia, -ma- inaangukia pigo zito, vizuri kabisa. Ubeti wa pili unaanza na "mama yetu" kwa sauti ileile, na sasa pigo zito linaangukia -ma ya mwisho. Kwaya itaimba mamá, na msikilizaji atasikia kitu kimekwenda upande hata kama hajui ni nini. Mimi husoma beti zote kwa sauti huku nikipiga mguu chini kabla sijaandika nota hata moja. Ubeti usiokaa, ama nabadilisha neno, ama naandika nota zake peke yake. Ni kazi ya ziada, na kwangu hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kuongoza nako huanza na pumzi. Anayeanza huinua mkono, akaushusha, na kwaya ikaingia vipande vipande. Kosa liko kabla ya mkono kushuka: hakupumua pamoja nao. Ile pumzi unayovuta mbele yao ndiyo inayowaambia mwendo na ukubwa wa sauti. Fanya zoezi hilo mbele ya kioo, bila muziki, mpaka ujiamini. Na usiimbe pamoja nao. Ukiimba unajisikia mwenyewe, na mwimbaji wa sauti ya tatu aliyekosea anapita salama.

Watu huniuliza kama mtu anaweza kuzibeba kazi zote mbili. Anaweza, ila zinagombania muda uleule. Esa-Pekka Salonen wa Finland alijiona mtunzi kwanza, akasomea uongozaji ili apatikane mtu wa kuongoza kazi zake. Mwaka 1983, huko London, aliitwa ghafla kuziba pengo la kiongozi mwingine kwenye simfoni, yaani kazi ndefu ya okestra, ya tatu ya Mahler, mtunzi wa Austria, na tangu hapo dunia ikamtaka jukwaani. Aliongoza okestra ya Los Angeles kuanzia 1992 hadi 2009, akaondoka ili apate muda zaidi wa kutunga. Mahler mwenyewe alitunga zaidi likizo za kiangazi, ndani ya kibanda kando ya ziwa, maana miezi mingine ilimezwa na kuongoza opera. Mimi sina kibanda. Nina saa moja na nusu alfajiri kabla nyumba haijaamka, na siku za mazoezi situngi kabisa.

Ukikosa vyombo, kumbuka Kinshasa. Armand Diangienda alianzisha okestra ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, mwaka 1994 na watu wasiojua kusoma nota, wakipokezana fidla chache, na uzi ulipokatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Okestra ile ilikuja kupiga Beethoven, na yeye akatunga simfoni yake.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi: usitegemee utunzi peke yake. Fundisha, piga kinanda harusini, panga sauti za nyimbo za wengine, na mkubaliane malipo kabla ya mazoezi ya kwanza. Jina lako na mwaka viwe kwenye kila ukurasa. Kuna kamati iliwahi kuchapa wimbo wangu kwenye kijitabu bila jina langu, na sikuwa na karatasi ya kuonyesha. Sasa kila kazi naisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla haijatoka mkononi. Tunza pia nakala za PDF na MusicXML, faili la nota linalofunguka kwenye programu nyingi, maana programu za kuandikia nota hufa: Finale, iliyotumika tangu 1988, ilitangaziwa mwisho wake Agosti 2024, na wenye mafaili yake pekee walihangaika. Programu ya MuseScore ni ya bure, anza nayo.

Yule mzee wa besi bado yupo kwenye kwaya. Wimbo mpya humpelekea kwanza, naye hukaa na penseli akiweka alama ndogo kila anapotaka kupumua. Mara nyingi huwa ameweka mbili au tatu ambazo mimi sikuziona.