Ukialikwa baga ya Masaki, ulizia bili kabla ya menyu

Juzi kaniandikia binti mmoja wa Tabata. Wenzake wa kazini wamemwalika Masaki Jumamosi wakale baga, hizi baga za kisasa zinazopigwa picha kabla hazijaguswa. Ana elfu hamsini. Anauliza: "Dada, itatosha au nitaadhirika?"

Mdogo wangu, elfu hamsini inakutosha wewe na baga yako. Haiwatoshi wenzako. Ngoja nikusimulie yaliyonikuta, halafu utajipimia mwenyewe.

Sisi aliyetuita ni rafiki yetu aliyekuwa amepandishwa cheo. Alituambia twende tukasherehekee naye, na mimi kwa malezi ya kwetu Tanga, mtu akikuita kwenye furaha yake, sahani ni yake. Tukafika. Menyu ya kuskani kwa simu, bei zimeandikwa 32, 36, 41, sifuri zimekatwa, na chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani, wanasema VAT haimo. Hapo usipapite haraka. Asilimia 18 ya elfu 32 ni karibu elfu sita, yaani chipsi mayai na soda kule kwenu.

Mhudumu akaniuliza nyama iive kiasi gani. Nikamwambia iive yote, ndani isibaki nyekundu. Mwenzetu mmoja, anayejua kila kitu tangu arudi masomoni nje, akaangua kicheko: "Wewe, si utaua ladha! Acha ushamba." Tena akamgeukia mhudumu kuniombea radhi kwa Kiingereza, kana kwamba mimi sikisikii. Meza nzima ikacheka, na mwenye sherehe naye akacheka. Nilitabasamu, lakini mpaka leo nikikumbuka masikio yanawaka moto.

Basi leo nijibu. Kipande kizima cha nyama, vijidudu vyake hukaa juu, kwa hiyo ukikichoma nje vizuri unaweza kula ndani kukiwa kwekundu. Nyama ya kusaga ni habari nyingine. Mashine inachukua kilichokuwa juu na kukichanganya mpaka katikati. Ndiyo maana Wizara ya Kilimo ya Marekani, nchi yenyewe ya baga, inashauri nyama ya ng'ombe ya kusaga ifike nyuzi joto 71 ndani. Mshamba ni nani hapo? Agiza iive, useme kwa sauti, usiombe samahani.

Baga yenyewe, sisemi uongo, ilikuwa tamu. Mkate wa brioche, ule unaotiwa siagi na mayai, laini na una utamu kwa mbali, pande za ndani wameubabua kwenye siagi ili usilowane. Vitunguu vimekaangwa taratibu mpaka vikawa kahawia na kugeuka kama jamu. Jibini imeyeyuka. Halafu nyama: ukingo una ukoko, ndani inatoa maji. Nimeitafakari sana nyama ile, maana baga nilizokuwa nikipika nyumbani zilikuwa kavu. Siri ni mafuta. Wapishi wa baga hutaka kama asilimia 20 ya nyama iwe mafuta, na ng'ombe wetu wa kienyeji, anayetembea kutwa kutafuta malisho, mafuta hana mengi, ila kwenye nundu. Siku hizi namwambia muuza nyama wangu anisagie kidari pamoja na kipande cha nundu, chumvi naitia juu tu nyama inapokaribia kuingia kwenye kikaango, maana ukiikanda ndani inakaza kama soseji. Majirani wanajileta wenyewe. Shemeji yangu alikula mbili akaulizia ya kubeba.

Kuhusu kula: inakuja imesimama juu juu, imechomwa kijiti. Toa kijiti, ibonyeze kidogo kwa kiganja, kula kwa mkono. Walioanza na kisu na uma walimaliza wanakula saladi ya nyama. Na kama wewe ni Mwislamu, usiishie kuuliza kama bakoni imo. Uliza pia kama hiyo kitimoto inakaangwa kwenye bati lile lile. Rafiki yetu aliuliza, mhudumu hakujua, akaenda jikoni, jibu likawa ndiyo. Akala samaki. Huyo naye alichekwa, na namsifu mpaka leo.

Sasa bili. Mimi nilikuwa na baga na maji. Wenzangu walishushia kokteli, mabawa ya kuku ya mezani, aiskrimu, kokteli tena. Karatasi ilipokuja, yule yule bingwa wa nyama mbichi akasema, "Tugawane sawasawa tu, tusihesabiane kama watoto." Nikamtazama mwenye sherehe. Anachezea simu. Nikatuma kwenye Lipa Namba karibu elfu themanini, hela niliyokuwa nimeiweka ya umeme na nauli ya wiki. Mwenzetu wa samaki akalipa hivyo hivyo, naye pombe haonji.

Ndugu zangu, tujifunze kusema. Mjini tunaogopa kuitwa wabahili kuliko tunavyoogopa deni. Mtu yuko radhi akope kwenye simu kwa riba kuliko kumwambia rafiki yake "mimi nalipa changu". Anayekunywa kwa mfuko wako huku anakuita mshamba, huyo hakupendi. Muulize aliyekualika mapema, kwa ujumbe, si mezani: analipa yeye au kila mtu na lake? Ukifika, mwambie mhudumu bili yako iwe peke yake, kabla hajaondoka na oda. Wengi wanafanya bila shida ukiwaambia mwanzo. Mwisho wa usiku kila mtu amelewa hesabu. Na risiti ya EFD uidai, uisome mstari kwa mstari.

Kwa hiyo nenda Jumamosi, binti. Agiza baga na maji, acha elfu kumi ya bajaji pembeni usiiguse. Ukibakiwa na nafasi tumboni, Coco Beach hapo karibu kuna mihogo.

Yule mwenzetu bado tuko naye kwenye kundi la WhatsApp. Wiki iliyopita katuma picha za mgahawa mpya wa piza, anauliza nani yumo. Nikaandika: "Nipo, bili yangu peke yangu." Wawili wakaweka dole gumba. Yeye kaisoma, hajajibu.