Bibi Nesi Anajibu: Kajitupa Chini Kituoni, Watu Wanatazama

Barua za mwezi huu nimezisomea uani kwangu Tabata, nimekaa kwenye kigoda, na mjukuu wangu wa miaka miwili na miezi mitatu anahamisha vibanio vya nguo kutoka ndoo nyekundu kwenda ndoo ya bluu. Akimaliza anavirudisha. Nimepima watoto kliniki miaka 31, ile mizani ya kuning'inia naijua hata kwa mlio, lakini huyu mmoja ananitoa jasho kuliko wote niliowahi kuwatia kwenye kile kikaptula cha kupimia. Kwa hiyo msinione mjuzi sana.

*Shikamoo Bibi Nesi. Nina mtoto wa kiume, miaka miwili na miezi miwili. Jumamosi nilikwenda naye Kariakoo kutafuta sare ya shule ya dada yake. Kwenye saa nane tuko Gerezani tunasubiri gari la Mbagala, akapita muuza maputo. Nikamwambia leo hapana. Akajitupa chini, kiatu kimoja huku, kingine kule, analia kama anachinjwa. Watu wamejaa. Mama mmoja akasema "mchape huyo". Kijana mmoja akasema "mnunulie tu dada, si buku tu". Nikamchapa, halafu nikamnunulia. Nimefika nyumbani nina aibu mpaka leo. Mama mkwe anasema nimemdekeza, samaki mkunje angali mbichi. Mume wangu anasema mbona kwake halii. Nifanyeje? — Mama Wawili, Mbagala Kizuiani*

Marahaba, Mama Wawili. Pole. Kariakoo Jumamosi saa nane, hata mtu mzima mwenye hela zake anatamani kujitupa chini.

Nikusimulie ya kwangu kwanza. Wiki iliyopita nilitoka na mjukuu kwenda dukani kwa Mangi, nanunua mayai manne. Mvua ilinyesha usiku, kichochoro chetu chote tope. Akataka kuyabeba yeye. Nikasema hapana, yatavunjika. Basi! Mwili ukalegea kama shuka lililoloa (wenye watoto mnaujua ule uzito wa ghafla), akaniteleza mkononi, akalala kwenye tope na fulana yake nyeupe ya Idi. Mimi nimesimama na mayai yangu kwenye mfuko. Kijana wa bodaboda akazima pikipiki kabisa ili atazame vizuri. "Bibi, si wewe ndiye uliyekuwa unawafundisha wake zetu kulea?" Nikamwambia ndiye mimi, na leo niko darasani.

Nikachuchumaa, magoti yakalia. Nikamwambia, "Umekasirika. Ulitaka kubeba mayai." Nikanyamaza. Kalia, kalia, dakika nne hivi, na mbele ya watu dakika nne ni kutwa nzima. Kilio kilipoanza kukatikakatika nikampa yai moja, alishike kwa mikono miwili. Tukarudi nyumbani kwa mwendo wa bibi harusi. Yai lilifika zima, na hakukubali likaangwe. Lilikaa kwenye kikombe dirishani siku tatu, kila asubuhi analiamkia.

Utaniuliza: Bibi, si nawe umemlipa kwa kulia? Nimemlipa, nakubali. Ila nilipokuwa pale chini nilijiuliza ile hapana yangu ilikuwa ya nini, nikaona ilikuwa ya haraka tu. Yai moja angeweza kulibeba tangu mwanzo na vita visingekuwepo. Yako ya puto ni tofauti, ilikuwa na sababu, hela ya nauli si ya kuchezea. Hapana ya namna hiyo ukishaitoa ishikilie mpaka mwisho, hata kituo kizima kikutazame. Na kama unajua mwishoni utanunua, nunua kabla hajalia. Mtoto akilia akapigwa halafu akapewa, anaondoka na hesabu moja tu: puto linapatikana kwa kulia sana, kofi ni nauli yake.

Sasa kwa nini wanajitupa? Mtoto wa umri huo anaelewa maneno mengi mno kuliko anayoweza kuyasema. Ukimwambia "kalete kiatu cha baba kilichoko chini ya kitanda" anakwenda, anakileta. Yeye mwenyewe akitaka kukuambia jambo refu kama hilo, anayo "baba kiatu" basi. Na sehemu ya ubongo ya kujizuia, ile inayokusaidia wewe usimrushie kondakta chenji yake usoni, kwake ndiyo kwanza inaanza kujengwa, na itajengwa mpaka awe mtu mzima. Hasira anayo kamili, breki hana. Kofi linamnyamazisha kwa sababu ameogopa, breki haliongezi.

Halafu tazama saa. Saa nane mchana mtoto wa miaka miwili alitakiwa awe amelala. Shirika la Afya Duniani linasema umri huo walale saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Wako alikuwa macho tangu alfajiri, yuko juani, kaona vitu elfu moja asivyoruhusiwa kugusa. Safari nyingine, kama hakuna wa kumwachia, nenda asubuhi mkishakunywa uji, beba maji na ndizi, na umpe kazi. Kazi, mwanangu, ndiyo dawa yangu kubwa. Mpe ashike mfuko wa daftari, mpe ashike ncha ya kanga yako, mwambie "wewe ndiye unayetuonyesha gari la Mbagala". Wa miaka miwili akiwa na cheo hana muda wa kulala chini.

Akijitupa hata hivyo, msogeze mbali na barabara kwanza, kisha chuchumaa, mwambie kile alichokitaka na kwamba leo hakinunuliwi. Maneno yasizidi kumi. Usimhubirie, hakusikii. Wanaotazama waache watazame, hakuna atakayekwenda nawe nyumbani.

Mama mkwe mwamkie vizuri, methali yake ni ya kweli. Samaki mbichi anakunjika kwa mkono, nyundo ya nini? Mumeo naye mwambie Jumamosi ijayo akae na mtoto peke yake, kuanzia uji mpaka kuoga jioni, halafu barua aniandikie yeye. Watoto humlilia zaidi yule wanayemwamini, anayeshinda nao. Ni heshima, ingawa inachosha.

Akiwa analia mpaka midomo inakuwa ya bluu au anapoteza fahamu, au anajiumiza kila siku, au mpaka umri huu hajaanza kuunganisha maneno mawili, mpeleke kituo cha afya wamwone. Bila hayo, una mtoto wa miaka miwili, hana ugonjwa.

*Bibi Nesi shikamoo. Wangu ana mwaka na miezi minane. Zamani alikuwa anamaliza bakuli, sasa anataka chai na chapati tu. Namkimbiza na uji wa lishe uani mpaka wapangaji wenzangu wanacheka. Ni minyoo? — Mama Kijiko, Sinza*

Marahaba. Minyoo inawezekana, ila mtuhumiwa wangu wa kwanza ni hesabu ya kawaida. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3, akitimiza mwaka anakuwa na kama kilo 9. Mara tatu! Mwaka wa pili anaongeza kilo mbili, mbili na nusu hivi. Mwili umepunguza mbio, na njaa nayo imepungua. Mama ndiye hajaambiwa, bado anapakua kipimo kilekile. Lete kadi tuuone mstari. Kama unapanda taratibu, weka kijiko chini upumzike.

Chai ndiyo itoke. Inajaza tumbo dogo lile, na ikinywewa pamoja na chakula inauzuia mwili kunyonya madini ya chuma, akaishiwa damu huku unamwona anashiba. Maji yanatosha, na kama bado ananyonya, aendelee mpaka miaka miwili na zaidi akipenda. Chapati si adui, mpe kipande, lakini ije na maharage.

Na acha kumkimbiza. Mkeka mmoja, nyinyi wote, yeye na kibakuli chake. Weka ugali laini, matembele yaliyokatwakatwa, dagaa waliosagwa, kisha tazama kwingine. Atachafua. Wangu juzi alifinyanga matonge sita, la kwanza akala, la pili akampa paka, manne akayapanga ukingoni mwa mkeka, akaniambia "gari". Tumbo lake lilikuwa na tonge moja na sikumfuata na jingine. Usiku alikula viazi viwili vizima. Karanga nzima usimpe bado, zinapalia, mwekee za kusaga kwenye uji.

Ukishika kadi hiyo tazama na haya mawili. Chanjo ya pili ya surua na rubella hutolewa mtoto akiwa na mwaka na nusu. Akina mama wengi huikumbuka ile ya miezi tisa, hii ya pili inawapita kwa sababu mtoto anatembea na hakuna anayewaza kliniki tena. La pili ni dawa ya minyoo, huanza akishatimiza mwaka, kila baada ya miezi sita, pamoja na matone ya vitamini A. Usinunue ya kukisia dukani.

*Bibi, mimi ni baba. Naondoka Kimara saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku. Binti yangu wa mwaka na nusu akiniona anakimbilia kwa dada wa kazi. Nikimwekea katuni kwenye simu ndiyo anakaa na mimi. Nakosea? — Baba Mgeni*

Baba Mgeni, jina umejipa kubwa, na umeniuma. Sheria yetu ya kazi inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, baba 3. Mgeni ulifanywa mapema.

Katuni kwa mwaka na nusu ziache. Ushauri wa kimataifa ni kwamba chini ya miaka miwili asikae mbele ya skrini kabisa, na akifika miwili isizidi saa moja kwa siku. Na ukweli ni kwamba hakai na wewe, anakaa na simu, wewe ni kibao cha kuiegeshea.

Chukua kazi moja iwe yako. Mimi nashauri kuoga. Ukirudi mapema au Jumapili, hakuna wa kumwogesha ila baba. Siku mbili tatu za kwanza atamlilia dada, vumilia, dada naye akae chumbani asichungulie. Kikombe cha plastiki na kisado cha maji ya vuguvugu, utaona.

Hapo kwenye maji nasimama kidogo, kwa sababu Dar maji yanakatika na kila nyumba ina ndoo na madiaba yaliyojaa. Mtoto wa umri huo ana kichwa kizito, akichungulia ndoo akaangukia ndani hawezi kujitoa, na anazama kimya, bila kelele wala kupigapiga maji. Maji kidogo tu ya chini ya ndoo yanatosha. Ndoo ziwe na mifuniko, bafuni kuwe na komeo la juu. Na mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda, hata kwa usiku mmoja. Akiyanywa usimtapishe wala usimnyweshe maziwa ati yakate sumu, kimbia naye hospitali. Nimepokea watoto wa namna hiyo zamu za usiku, sitaki kuwasimulia.

*Bibi Nesi, sina swali. Jana asubuhi tuko kwenye pantoni tunatoka Kigamboni, mwanangu wa miaka miwili na nusu nimembeba. Tumemfundisha kuamkia watu wakubwa. Akaitazama bahari, akaitazama tena, akapaza sauti: "Bahari, shikamoo!" Pantoni zima kimya. Mzee mmoja mwenye baiskeli akajibu: "Marahaba, mjukuu." Nimecheka mpaka Posta. — Mama Pantoni*

Barua hii nimemsomea mwenye vibanio. Hakucheka. Amekwenda kwenye ndoo ya bluu, ameinama, ameiamkia. Anasubiri. Nimelazimika kuitikia mimi kwa sauti nzito, na sasa ameifuata ile nyekundu.

Vibanio vilikuwa kumi na viwili, nahesabu kumi na kimoja. Kwenye chai hakimo, nimetazama. Naanzia kwenye viatu.