Kila Nikitoka na Chui, Mtaa Mzima Una Neno

MUULIZE DAKTARI WA MIFUGO

Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, tumepanga Ngamiani hapa Tanga. Mjomba wa watoto alituletea mtoto wa mbwa kutoka Lushoto, dume, tukamwita Chui kwa ajili ya madoadoa yake. Sasa ana miezi minne, chanjo amepata na kadi ninayo. Kila jioni namfunga kamba tunazunguka barabara mbili tatu, tunarudi. Taabu ziko njiani. Watoto wakimwona wanapiga yowe na kukimbia, naye anawafukuza, halafu wengine wanarudi na mawe. Jirani yetu mmoja, mzee wa heshima sana, tukikutana anakusanya kanzu yake na kugeukia ukutani. Zamani tulikuwa tunasalimiana mpaka habari za watoto, sasa ananiitikia nusunusu. Vijana wa bodaboda wanapiga resi makusudi ili ashtuke. Kuna mbwa watatu wa jalalani wanatufuata kwa nyuma. Juzi tena kamrukia mama anayeuza vitumbua, akang'ata pindo la kanga na kuning'inia. Baba Neema anasema nimfungie ndani ya uzio mpaka akue, kwani kazi ya mbwa ni kulinda. Je, niache kumtembeza?
Mama Neema, Tanga

Marahaba mwanangu. Usiache.

Mwambie baba Neema kwamba mbwa aliyekulia nyuma ya uzio bila kuona watu huwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayemuuma mtoto wa jirani siku geti likisahauliwa wazi. Mbwa huzoea mambo mapya kwa wepesi zaidi akiwa na umri wa wiki 3 hadi 14 hivi. Chui ameshavuka hapo, lakini bado anafundishika sana, na darasa lake ni hizo barabara za Ngamiani.

Nianze na mzee, maana hapo barua yako imenigusa. Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafii, na katika madhehebu hayo mate ya mbwa, au mwili wake ukiwa na majimaji, ni najisi nzito. Nguo ikiguswa inaoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Sasa fikiria mtu ametawadha, kavaa kanzu iliyopigwa pasi, adhana ya Magharibi imeshaanza, na mbele yake anakuja mtoto wa mbwa anayenusa kila kitu. Pua ya mbwa haikauki, mwanangu. Mzee anailinda sala yake, wala hana ugomvi na wewe. Ukimwona kwa mbali, vuka upande wa pili kabla hajalazimika kuvuka yeye, vuta kamba mpaka Chui awe ubavuni mwako, kisha msalimie kwa sauti. Usimtoe saa za adhana kama njia yako inapita msikitini. Mvua ikinyesha ndiyo kabisa, kwa sababu mbwa aliyelowa akijikung'uta matone yanafika mbali. Na siku moja nenda kwake bila mbwa, ukae barazani, umweleze kwamba unalijua jambo hili na unajitahidi. Nimeishi na wazee wa namna hiyo miaka mingi. Huenda ndiye atakayekusimulia kisa cha yule mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake.

Watoto nao. Nilipokuwa natembeza chanjo vijijini huku kwetu Tanga, walioleta mbwa walikuwa watoto, si watu wazima. Walikuja wamewafunga kamba za katani shingoni, wengine wamewabeba mabegani, na kila mmoja anataka wake achomwe kwanza. Kwa hiyo usiwahesabu hao wenye mawe kuwa maadui. Mtoto anarusha jiwe kwa sababu hajui afanye nini kingine. Mtafute yule anayefuatwa na wenzake, umwite kwa jina lake. Mweleze kwamba mbwa mdogo hufukuza chochote kinachokimbia, hivyo akijiwa asimame wima, mikono mwilini, atazame pembeni. Chui atanusa na kuchoka. Akizoea, mwonyeshe kumkuna kifuani, asipeleke mkono juu ya kichwa, maana mbwa hauoni vizuri mkono unaotokea juu na hushtuka. Akiwa anakula au amelala, asiguswe. Ukimpata huyo mmoja, jioni chache tu wenzake watakuwa wanagombania kushika kamba. Kamba usiwaachie.

Hilo la kanga ni la umri wake. Kuanzia miezi minne mpaka sita hivi mbwa anang'oa meno ya utoto, fizi zinamwasha, na pindo linalopeperuka mbele ya macho yake hawezi kuliacha. Usimpige, wala usivute kanga, kwa sababu ukivuta anadhani mmeanza mchezo na anakaza meno. Simama, kanga ilegee, mpe kitu kingine cha kutafuna, kipande cha kamba nene yenye fundo kinatosha. Nenda kamwombe radhi mama wa vitumbua, na kama kanga imetoboka mnunulie nyingine. Hilo ni lazima, Mama Neema. Mbwa ni wako na hasara ni yako.

Vijana wa bodaboda watachoka wakiona hamshtuki. Simama naye mbali kidogo na kijiwe, mahali anaposikia muungurumo lakini hatetemeki, umpe vipande vya dagaa mkononi. Kesho yake sogea hatua chache.

Wale watatu wa jalalani wengi wetu tunawaita mbwa wa mtaani, lakini mara nyingi wana wenyewe, ni kwamba wanafunguliwa usiku na hawafungwi asubuhi. Usikimbie. Mweke Chui nyuma yako, wageukie, kisha inama kama unayeokota jiwe. Mbwa wa huku wanalijua tendo hilo vizuri, watarudi nyuma bila wewe kurusha kitu. Halafu ulizia wenyewe ni nani, na umfikishie taarifa afisa mifugo wa kata, maana tunataka angalau mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa ili kichaa kisienee. Chui peke yake hawezi kuulinda mtaa.

Mengine kwa haraka. Tembea na gazeti la jana la kuzolea kinyesi, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019. Kinyesi cha mbwa kina mayai ya minyoo, na mabuu yake hupenya nyayo za watoto wanaocheza peku, wakaacha mistari myekundu inayowasha chini ya ngozi. Mpe Chui dawa ya minyoo kila mwezi mpaka afike miezi sita. Mkirudi, mkague kupe masikioni na katikati ya vidole. Na kamba ya katani, kama ndiyo unayotumia, itupe leo. Mtafutie ukosi mpana wa kitambaa usiomchuna shingo.

*

Daktari, mwanangu wa miaka sita ameparuzwa kwa jino na mbwa mdogo wa jirani aliyekuwa akitembezwa. Damu ni kidogo sana. Jirani anasema mbwa wa umri ule hawezi kuwa na kichaa. Ni kweli?
Baba Juma, Muheza

Si kweli, Baba Juma, na tafadhali usisubiri toleo lijalo kuniuliza tena. Mbwa mdogo akiumwa na mwenye kichaa huambukizwa kama mkubwa, na kidonda kidogo kinatosha. Osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, hata kama mtoto analia. Usipake pilipili, tumbaku wala mafuta ya taa. Kisha mpeleke hospitali leo hii, hata kama aliumwa siku kadhaa zilizopita, kwa sababu dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, ilhali chanjo ikiwahi inazuia kabisa.

Mwombe jirani kadi ya chanjo uende nayo. Mbwa asiuawe wala asipewe mtu. Afungwe na atazamwe kwa siku 10. Akibadilika tabia, akishindwa kumeza au akifa ndani ya siku hizo, rudini hospitali siku ileile na afisa mifugo aitwe. Na sindano za mtoto msizikatishe kwa kuona mbwa ni mzima, mpaka daktari anayemtibu aseme.